Beseni la Mukandutiye

Maji hayakutaka kupoa. Mukandutiye aliyamimina besenini yakiwa na baridi ya asubuhi, na kabla hajashika sabuni yakawa ya moto kama chemchemi za Nyamyumba, yakinuka maziwa yaliyochacha.

Beseni hilo lilijulikana mtaani kuliko mwenyewe. Watu wakitoka kuzika hunawa kwanza kwa mfiwa, ndipo wakaribishwe bia, na beseni kubwa ni la Mukandutiye. Juzi walinawia kwa jirani yake Rutagengwa, aliyemzika mwanawe Ganza. Ameanguka ngazini, alisema baba. Nyumba ile haina ngazi. Watu wakanawa, wakanywa, wakasifu bia kwamba ni baridi. Mukandutiye, aliyeusikia mkanda kupitia ukuta jioni nzima kabla mtoto hajafa, alinawa mara mbili.

Sasa maji yakamwambia Mukandutiye, kwa sauti ya Ganza: "Mama Emmy, mumutoe Larissa."

Larissa ni mdogo wake Ganza. Ana miaka minne, na bado yumo katika nyumba ile ya baba yake.

Majirani wakaja, wakainama, wakasikia wote.

"Hii iko shetani," akanong'ona Wellars, nyumbakumi wao.

"Anasema tumutoe mutoto," Mukandutiye akasema.

"Donc shetani ndiye atatufundisha kazi? Mambo ya mutu na mutoto wake iko ya ndani. Mulete mwalimu."

Mwalimu wa kutoa mashetani akavuka kutoka Goma na ubani wake, akasoma dua, na maji yakaanza kuchemka bila moto, yakapanda ukingoni, yakamwagika uani yakielekea nyumba ya Rutagengwa kama mtu anayeijua njia, jina la Larissa likitajwa na kutajwa tena, likififia, hadi udongo ukayanywa yote.

"Ametoka," mwalimu akasema, akikunja mkeka. "Lakini hakuwa mubaya. Mulimujibu nini?"

Wellars akamtafutia usafiri haraka.

Maji yakawa maji. Mtaa ukapumua.

Jumapili, watu wametoka misa, kilio kikapenya ukutani. Mukandutiye akakimbilia beseni. Kavu. Akaligonga, akaliinamia, akaliomba liseme, likakaa kimya kama beseni lolote, huku ng'ambo ya ukuta mkanda ukipanda na kushuka na sauti ya mtoto ikizidi kuwa ndogo.

"Si tulimufukuza," akajiambia, akaongeza sauti ya redio.

Jumanne Wellars akabisha, kofia mkononi.

"Mama Emmy, pole. Tunaomba beseni."

"Ameangukia wapi?"

"Ngazini."