Mtandao Unaokuja na Mgeni

Soko la Mkuyuni siku hiyo lilifurika mpaka sindano ingeomba kupishwa. Katikati ya umati ule dada mmoja wa gauni la kitenge cha manjano alikuwa anakata mbuga, laptopu imefunguliwa juu ya kiganja kama anatembeza maandazi. Ndani ya laptopu alikuwamo babu mmoja wa Kiholanzi, anamwamkia kila anayepita: "Shikamoo! Shikamoo!" Wauza dagaa wakaitikia marahaba. Mbuzi mmoja naye akaitikia.

Masalu, fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake Mabatini, alikuwa amefuata nyanya tu. Nyanya zenyewe hajazinunua mpaka leo. Guta la viazi lilimpiga dada yule kikumbo, laptopu ikaruka, babu wa Kiholanzi akapiga yowe akipaa, na Masalu akaidaka hewani kabla haijatua kwenye beseni la sato.

"Umedaka kama kipa!" dada akasema, akihema. Alinukia sabuni na tangawizi.

"Laptopu ningeiacha ianguke, dada. Nimemhurumia mzee wa watu."

Dada akacheka, na kicheko kile kikamwingia Masalu mpaka kwenye soli za viatu.

Jina lake Paskazia. Alikuwa akifundisha wageni Kiswahili kwa mtandao kutoka nyumbani kwao Kiseke. Lakini waifai ya nyumbani ilikuwa imekata, na nyumba yenyewe ilijibanza nyuma ya jiwe kubwa ambako simu huongea tu, bando halisogei. Ndiyo maana somo likahamia sokoni.

"Mimi ni fundi," Masalu akasema.

"Fundi wa nini?"

"Wa chochote kinachokusumbua."

"Mh! Anza na waifai, kaka. Mengine tutaona."

Masalu akafika Kiseke na shati la bluu lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata muhogo. Mama yake Paskazia, mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akaipokea shikamoo yake na kumzuia hapo hapo.

"Marahaba, baba. Weka begi chini. Nyumba hii mgeni hashiki kazi na njaa."

"Mama, ngoja kwanza nilitazame tatizo..."

"Tatizo lina miguu? Litakimbia? Nawa mikono."

Akala wali na sato mpaka mkanda ukaomba msamaha. Ndipo Paskazia akaingia na laptopu chumbani kwake, anakofundishia, naye Masalu akabaki sebuleni kwa heshima.

"Imeshika!" Paskazia akapaza sauti kutoka ndani. "Mistari yote imejaa!"

Masalu hata hakuwa amegusa kitu. Akaitazama ruta ndani ya kabati la vyombo, inapepesa taa zake za kijani nyuma ya kioo. Haikuwa na kasoro. Ili asionekane amekula bure, akaizima, akaiwasha, akabadilisha nywila, akaaga.

Hajafika Mabatini, simu ikaita.

"Fundi wangu, imekata."

"Imekataje tena, mpenzi... samahani, mteja?"

"Nimelisikia lile la kwanza. Njoo kesho."

Kesho yake akaja, akalishwa, mtandao ukashika. Alipovuka geti ukafa. Ikawa ndiyo desturi. Masalu alibadilisha waya, akaweka programu mpya, akahamisha masafa. Kila alichokifanya baada ya kushiba kilifaulu, na kila alipoondoka kilikufa. Akaanza kuamini kwamba mwili wake una mnara. Lakini hakulalamika. Jioni za Jumapili yeye na Paskazia walikaa kwenye mawe ya ufukweni, Masalu akimmenyea machungwa, na neno "mpenzi" halikuombewa samahani tena.

Aliyetia mchanga kwenye wali ni Queen, jirani wa ukuta mmoja.

"Shoga, wewe umesoma lakini hujaelimika," akamwambia Paskazia. "Mtandao upo akiwepo, haupo akiondoka. Huyo anaufunga kwa simu yake ili umwite."

Maneno yale yakamkaa Paskazia kooni kama mwiba wa samaki ningu. Masalu alipokuja safari iliyofuata, akamkuta amesimama getini, mikono kifuani.

"Masalu, niangalie. Umewahi kutamani mtandao wangu ukatike?"

Mwanamume mwenye akili angesema hapana. Masalu akasema kweli.

"Nimetamani. Hata Jumapili kanisani niliombea."

"Uliombea!" Machozi yakamlenga Paskazia. "Wanafunzi wananikimbia, Masalu! Kampuni inayoniletea wanafunzi imesema Jumamosi saa nane mchana watakaa kulitazama somo langu. Likikatika, basi, kazi sina. Na wewe unaombea?"

"Niliomba uniite tu, mpenzi. Kuharibu sijaharibu. Naapa..."

"Usiape kwenye geti la mama yangu. Nenda."

Akaenda. Akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Akatuma ujumbe, ukasomwa, ukanyamaziwa. Kule Kiseke, hakuna aliyekaribishwa tena, na waifai ya chumbani ikafa kifo cha moja kwa moja. Fundi mwingine aliyeitwa aliitazama laptopu kutoka mlangoni, akasema imezeeka, akaondoka.

Jumamosi ikafika. Masalu alikuwa kwenye kivuko cha Kamanga anakwenda kwa mteja ng'ambo, amekaa kati ya magunia ya mchele, uso kama wa mfiwa. Simu ikaita. Paskazia.

"Uko wapi?"

"Majini, nusu ya njia."

"Mwongo. Uko hapa nje unaufunga mtandao wangu!"

Kivuko, kama kilichoitwa kutoa ushahidi, kikapiga honi. Bata maji wote wa ziwani wakaruka. Ng'ombe waliokuwa kwenye lori wakajibu.

Paskazia akaisikia ile honi. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Kumbe siyo wewe... Masalu, nisamehe. Bado nusu saa, na haishiki hata mstari mmoja."

"Usilie, mpenzi. Hebu fikiri. Nikija hapo nyumbani kunabadilika nini?"

"Hakuna! Unakuja, unakula, nawasha, inashika."

"Nakula..." Masalu akasimama juu ya gunia. "Mpe mama simu! Mama, shikamoo! Nikija huwa unanipakulia kwenye vyombo gani?"

"Marahaba. Vya kabatini, vya wageni. Ulitaka nikupakulie kwenye bakuli la kuku?"

"Na nikiondoka?"

"Naosha, nafuta, narudisha. Sinia kubwa la aluminiamu nalisimamisha mbele, hotipoti za chuma zinalizunguka. Wewe fundi au mkaguzi wa jiko?"

"Na ruta?"

"Ipo nyuma ya sinia. Kitu cha thamani hakikai mbele kikaonwa na wezi."

Masalu akajipiga kofi la paji la uso mpaka utingo wa lori akageuka. Hata siku moja hakuwahi kuliona kabati lile likiwa limejaa! Kila alipolitazama, vyombo vilikuwa mezani vikimsubiri, na njia ya mtandao iko wazi.

"Mama, sinia linaziba mtandao! Chuma hakipitishi! Litoe, na hotipoti zote!"

"Kuna mgeni gani anakuja?"

"Hakuna, mama, ni kwa ajili ya..."

"Basi siwezi. Vyombo vya wageni havitoki bila mgeni. Mama mkwe wangu alinikabidhi hivyo, na mimi sivunji."

"Mama jamani!" Paskazia akasikika akilia kwa nyuma.

Masalu akayatazama maji, akayatazama magunia. Abiria wote walikuwa wameacha mazungumzo yao wanasikiliza yake. Akavuta pumzi.

"Mama, wageni wapo! Natuma wazee wangu waje kuniposea Paskazia! Toa vyombo!"

Bibi mmoja aliyekuwa na kapu la bata akapiga kigelegele, kivuko kizima kikapokea. Kwenye simu zikasikika hatua za mama kuelekea kabatini. Kioo kikateleza, chuma kikagonga chuma, sinia likalia juu ya meza, na kwa mbali, kutoka chumbani, sauti ikapasuka:

"Imeshika! Mistari yote!"

Simu ikakatwa. Masalu akakaa juu ya gunia.

Alishafika kwa mteja, kazi mkononi lakini akili haipo, simu ilipoita tena.

"Halijakatika hata mara moja," Paskazia akasema. "Wamenipa wanafunzi wapya."

"Hongera, mwalimu."

"Asante." Akashusha sauti. "Masalu, yale maneno ya kivukoni. Uliyasema kwa sababu ya waifai?"

"Waifai ilinipa haraka tu. Maneno nilikuwa nayo tangu Mkuyuni."

"Haya. Mama anasema waje Jumapili, baada ya misa."

"Nitawaleta mwenyewe!"

"Thubutu! Umeona wapi mposaji anakuja kukaa na wazee? Siku hiyo nisikuone Kiseke."

"Sasa nikae wapi, mpenzi?"

"Kwako, ukisubiri simu yangu. Na nikipiga, usiniulize nini kimeharibika."

Masalu, aliyekuwa akiombea kila siku aitwe kwenye nyumba ile, akacheka peke yake kama mwehu kwa furaha ya kukatazwa kwenda.