Tupa Namba Nne

Kipande cha sukari ya mawe kilipasuka ndani ya kikombe.

Sauti ndogo tu, kama kucha inayogonga kioo.

Mkono wa Maren Ubben ulishafika kwenye bastola ya Walther iliyokuwa kiunoni kabla hajajua anachofanya. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Bi Theda Harms aliendelea kumimina chai ya moto juu ya sukari, akaangusha krimu pembeni mwa kikombe, akamsogezea.

"Kunywa, binti. Mikono yako ni barafu, utachongaje ufunguo?"

Simu ya Maren iliita mara moja. Ilikuwa ofisi yake.

"Ndiyo," Maren alisema.

"Dhoruba inawahi. Bahari itajaa saa kumi na mbili jioni."

"Na mpwa?"

"Saa mbili asubuhi, kama kawaida. Leo anachukua namba ya sita."

Ikakatwa.

Maren alikuwa jasusi kwa miaka kumi na tisa, na hakukumbuka kazi iliyokuwa na tumaini dogo kama hii. Mdomoni mwa mto lilisimama lango la chuma linalozuia bahari. Nyuma yake kulikuwa na bandari ya mafuta na vijiji vinne vilivyo chini kuliko maji. Jiko la Bi Theda lilikuwa katika kimojawapo. Lango lilifunguliwa kwa namba sita za siri, kila moja ya tarakimu nne, na mhandisi aliyezipanga, Folkert Eilers, alikuwa sasa na miaka themanini na nne, katika nyumba ya wazee upande wa pili wa tuta la kuzuia maji.

Siku tano zilizopita mwanamke aitwaye Sonja alifika kwake akijiita mpwa wake. Alimnunua muuguzi wa zamu ya usiku. Alimwekea mzee kitasa kipya mlangoni, ufunguo akabaki nao yeye. Kila asubuhi aliondoka na namba moja. Waliomtuma walitoka nchi nyingine na walitaka bandari ile ife, na nani mwingine angekufa pamoja nayo halikuwa jambo lao.

Kubadili namba kungechukua wiki tatu. Ofisi ingemkamata Sonja, wenzake watatu wangetoweka na namba tano mfukoni, wakarudi siku nyingine. Lakini zote sita zikiwa sahihi, wangelifungua lango kwa kompyuta wakiwa mbali. Ikikosewa moja, wangelazimika kuja wenyewe kuligeuza kwa mkono, na hapo wangewakuta watu wakiwangoja.

Kwa hiyo ilitakiwa namba moja ya uongo, kutoka kinywani mwa mzee ambaye ofisi ilisema akili zake zimeshakwenda. Kumfikia kabla ya Sonja kulihitaji ufunguo wa kitasa kile.

Bi Theda alikuwa mjane wa fundi vitasa, na mwenyewe alikuwa fundi kuliko marehemu. Alitandaza kitambaa mezani, akapanga tupa zake za kuchongea funguo. Maren akaweka ya kwake katikati: tupa mpya ya Uswisi ndani ya mfuko wa ngozi, meno namba sita, laini kuliko zote. Ofisi ilimsainisha karatasi mbili kuipokea.

Bibi aliipitisha juu ya ukucha wa kidole gumba, akaguna.

Alieleza polepole, kama mtu anayefundisha kukanda unga. Unaingiza ufunguo wa shaba usiochongwa, unausokota kwa nguvu, unautikisa juu na chini. Pini za ndani ya kitasa zikikwama zinauma shaba na kuacha alama, nukta ndogo kama kichwa cha sindano. Unachonga pale penye nukta, unarudisha, mpaka kitasa kikubali. Yote ni kuiona nukta. Tupa ya meno makubwa inaacha mifereji, na nukta inajificha humo. Hii ya ofisi inang'arisha kama kioo, kila kitu kinameta, huoni chochote, halafu inajaa unga wa shaba na kuteleza. Tupa ya pembe tatu inachimba shimo kali na pini inanasa. Ya mviringo inaacha bonde ambalo pini inapanda na kushuka.

"Mviringo. Tupa ya Vallorbe, meno namba nne," alisema. "Inaacha shaba kama hariri. Wenzako wamechukua laini kabisa wakidhani ndiyo bora kabisa. Watu wa ofisini ndivyo walivyo."

Maren alisema amri ni amri. Bibi hakubishana. Wakati mgeni anavaa koti, alimtumbukizia namba nne mfukoni, imefungwa kwenye leso pamoja na kipande cha mkate.

Saa kumi na mbili asubuhi. Nyumba ya wazee, ghorofa ya pili. Korido yenye harufu ya sabuni.

Muuguzi alipita kila baada ya dakika kumi. Kama angefungua kwa waya wa ndoana, bila ufunguo, Maren angelazimika kumaliza kwa mkupuo mmoja na kuanza upya wakati wa kufunga. Ufunguo unaochongwa una subira. Unauchomoa, unajificha chumba cha mashuka, ukirudi unaendelea pale ulipoachia. Na mwisho unafunga mlango nyuma yako.

Aliingiza. Akasokota. Akatikisa. Akachomoa, akawasha taa ndogo, akaweka lenzi jichoni.

Mng'ao mtupu.

Alichonga tena kwa tupa namba sita, akaangalia tena. Hatua za muuguzi. Chumba cha mashuka. Korido tena. Shaba ilimeta kama sarafu mpya na haikusema kitu. Mara ya nne alichonga kwa kubahatisha, akaharibu ufunguo.

Saa moja kasoro dakika tano. Alibaki na ufunguo mmoja usiochongwa.

Alifungua leso.

Misukumo mitatu ya namba nne, kwenda mbele tu, bila kukandamiza. Akasokota. Akachomoa.

Nukta.

Ilikuwa pale, safi, kwenye nafasi ya pili. Kisha ya tano. Kisha ya kwanza. Muuguzi alipita mara mbili. Saa moja na dakika ishirini na mbili kitasa kiligeuka bila kelele.

Mzee Folkert alikuwa amekaa kitandani, amevaa, tai shingoni.

"Wewe si Sonja."

"Siyo, mzee."

"Basi kaa, viti ni viwili." Alimwangalia mikono. "Nimekusikia tangu saa kumi na mbili. Ile tupa ya kwanza ilikuwa takataka."

Akili zake hazikuwa zimekwenda popote. Maren akamweleza kwa maneno machache: Sonja ni nani, dhoruba inafika lini, vijiji vingapi. Mzee alisikiliza akinyoosha shuka lisilo na mkunjo.

"Mpwa sina," alisema. "Mama alinizaa peke yangu, akafunga duka."

Maren alimuuliza kwa nini basi alizitoa namba.

"Siku ya kwanza alitaka zote sita. Nikamwambia nakumbuka moja kwa siku. Ningempa zote, mwanangu, angerudi kufanya nini?"

Alisema Sonja humkata kucha. Huipasha mikono yake moto kwanza kwenye bomba la joto, ndipo amshike. Tangu mkewe Antje afariki, miaka saba, hakuna mtu aliyemgusa bila glavu. Aliona kuna jambo baya, ila hakutaka kulitazama. Alikuwa amepanga kwamba ya sita ataahirisha mpaka kesho, na kesho ataahirisha tena.

"Nilidhani naiba asubuhi tu," alisema. "Kumbe nilikuwa nauza watu."

"Mpe namba ya uongo leo."

"Hatarudi."

"Ukimpa ya kweli pia hatarudi."

Mzee aliwaza hilo. Halikuwa na mlango wa kutokea. Akachukua penseli, akaandika tarakimu nne kwenye kipande cha karatasi, za uongo, kwa mwandiko mzuri wa mhandisi.

"Ukitoka funga mara mbili," alisema. "Yeye hufunga mara mbili."

Maren alimfungia.

Saa mbili kamili, akiwa katikati ya mashuka, alisikia visigino. Ufunguo. Mlango. Alisikia mkasi wa kucha ukikata, mara kumi, taratibu. Alisikia mzee akicheka. Kupitia upenyo wa mlango alimwona Sonja akitoka na karatasi mkononi, kisha akirudi hatua moja kumfunika mzee magoti. Akafunga, mara mbili, akashuka ngazi.

Saa tisa alasiri redio ya Motorola ilikoroma.

"Lango hapa. Kompyuta imewakatalia, wamekuja wenyewe. Wanne."

"Na?"

"Wote chini, pingu mikononi. Hakuna risasi."

"Mwanamke?"

"Yumo."

"Sawa."

"Gari moshi lako ni saa mbili usiku. Jina jipya liko kwenye bahasha. Hurudi huko tena, umenielewa?"

"Nimeelewa."

Jioni bahari ilipanda, ikalipiga lango kwa saa nzima. Lango likasimama. Katika vijiji vinne watu walipika viazi na hawakujua lolote.

Maren alipita nyumba ya wazee akielekea stesheni. Kitasa kilikuwa kimeng'olewa. Palibaki tundu mlangoni. Alimwambia mzee kwamba lango limeshika. Mzee aliitikia kwa kichwa. Aliuliza kama Sonja atafungwa miaka mingi, na Maren akasema ndiyo. Akauliza kama huko gerezani kuna joto.

Maren aliinua kola ya koti, akatazama saa, akageuka. Uso wake haukuonyesha chochote. Ndivyo alivyofundishwa.

"Lipo lango lingine," mzee alisema nyuma yake, haraka haraka. "La kusini. Nalo nilipanga mimi."

Maren alisimama. Lango la kusini lilibomolewa miaka kumi iliyopita. Ramani ilikuwa ndani ya mkoba wake.

"Namba zake ni nane," mzee alisema. "Ila nakumbuka moja tu kwa siku. Njoo kesho, nikupe ya kwanza. Utakuja?"