Kanda ya Hina ya Mama Zakiya

Kila siku saa nane kasorobo basi la skuli ya wasichana humteremsha Shahad pale mtaani Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Na kila siku ni yale yale: avue viatu mlangoni, kimoja huku kimoja kule, ambusu Bibi Khole mkono, amwamkie, na kabla hajaitikiwa awe ameshauliza kuna nini cha kula.

"Marahaba," Bibi humjibu. "Kuna adabu, imefunikwa jikoni. Kajipakulie."

Lakini wiki ile nyumba haikukalika. Dada yake, Bashayer, alikuwa anaolewa Alkhamisi, na Jumatano baada ya alasiri angekuja Fajr, mpakaji hina kutoka mtaa wa Hamriya. Fajr ana kitabu kizima cha maua, lakini Bashayer hakutaka hata moja. Alitaka yale aliyochorwa mama yao, Mama Zakiya, alipoolewa mwaka tisini na sita. Mchoraji alikuwa Bibi Khole mwenyewe. Sasa Bibi mikono inamtetemeka, hata kikombe cha kahawa hukishika kwa miwili. Ukimwambia basi aeleze tu yalivyokuwa, hucheka.

"N'eleze nini? Mkono ndio uliokuwa ukijua. Mimi nlikuwa nnaufuata tu."

Picha ya karatasi haikuwepo. Kilichokuwepo ni kanda moja ya video, aliyoipiga jirani siku ya hina, upande wa wanawake. Humo ndani kina mama wako vichwa wazi, wanacheza na kupiga vigelegele, kama watu wanavyokuwa wakijua wako peke yao. Kanda kama hiyo humpi fundi wa dukani aitazame. Huko Hamriya, muuza duka alipowauzia adapta ya kuunganisha deki ya video na kompyuta, alijitolea kuwafanyia kazi yote mwenyewe. Mama Zakiya akaukumbatia mkoba wake.

"Ahsante baba. Hii haitoki nyumbani."

"Nipeni mimi!" Shahad akasema, na ndiyo kwanza yuko darasa la sita. "Kitu chenyewe waya tatu tu. Hata mtoto mchanga anaweza."

"Mtoto mchanga ana nafuu," Bashayer akamjibu. "Hajisifu."

Basi Jumatatu deki ikateremshwa juu ya kabati, ikafutwa vumbi. Adapta yenyewe ilikuwa kidude kama kidole gumba: huku kinachomekwa kwenye kompyuta, huku kina waya tatu, ya manjano ya picha, nyekundu na nyeupe za sauti. Nyuma ya deki palikuwa na safu mbili za matundu, rangi zile zile juu na chini. Shahad akachomeka ya juu. Kwa nini ya juu? Kwa sababu yalikuwa karibu na mkono. Akatia kanda, akabonyeza pa kurekodi. Kioo cha kompyuta kikawa bluu tupu.

"Itakuja," akajiambia.

Sasa kanda ya saa nzima hurekodiwa kwa saa nzima, haina njia ya mkato. Inabidi ukae uitazame. Na kukaa ndiyo kazi asiyoiweza Shahad. Dakika ya tano alikuwa ameshashuka chini kuendesha baiskeli na watoto wa jirani. Aliporudi kanda imekwisha, na kwenye kompyuta kuna faili zito. Akalihifadhi bila kulifungua.

"Tayari!" akapiga ukelele.

"Umeyaona maua?" Bibi akauliza.

Hapo ndipo alipoteleza. Angesema tu, bado sijatazama. Lakini Bibi alikuwa amemkodolea macho ya furaha, na jawabu likamtoka lenyewe: "Nimeyaona, Bibi. Yametoka safi kabisa."

Uso wa Bibi ukakunjuka. Mama Zakiya naye akampigia simu Fajr pale pale, akamwambia kitabu chake akiache nyumbani, wao wana maua yao.

Jumanne baada ya chakula Shahad akajifungia chumbani, akalifungua lile faili. Bluu. Akalivuta mbele. Bluu. Saa nzima ya bluu, wala sauti hamna. Akazihamishia waya matundu ya chini, akairudisha kanda mwanzo. Mara hii picha ikaja, lakini ya kijivu, na inaporomoka juu chini, juu chini, hata huwezi kujua huyu ni mtu au pazia.

"Shahad!" Bibi akaita kutoka ukumbini. "Hebu nionyeshe na mimi hayo maua."

Akatoka. Na uongo ukishatangulia mmoja, wa pili haukupi tabu.

"Bibi... deki imeitafuna kanda. Imekufa."

"Na ile uliyoitia kwenye kompyuta?"

"Imefutika."

Bibi akawa anaizungusha pete kidoleni. Hakufoka wala hakulaumu.

"Basi. Majaaliwa ya Mungu. Nletee hiyo kanda. Na mkasi."

"Mkasi wa nini, Bibi?"

"Niikate, mwanangu. Siwezi kuitupa nzima. Ataiokota mtu kwenye taka, aitengeneze, awatazame wake za watu. Wenyewe waliniamini ndiyo wakacheza."

Shahad akavileta. Bibi akakifungua kile kifuniko cha kanda, akauvuta utepe wa kahawia ukatoka kama ulimi. "Zakiya wangu alipendeza siku hiyo," akasema, wala hakuwa akimwambia mtu. Akautia utepe katikati ya mkasi. Mkono ukamtetemeka, utepe ukachopoka. Akautia tena, akauweka sawa.

"Bibi, usikate! Haijafa! Wallahi haijafa, nimekudanganya!"

Yakamwagika yote: bluu, baiskeli, kijivu, na kwamba yale maua hajayaona hata moja. Bibi akauweka mkasi mbali, akaurudisha utepe ndani taratibu.

"Ulinitazama nnautia mkasi mara ya kwanza, ukanyamaza?"

Machozi yakamtoka Shahad.

"Utalia baadaye. Mpigie Humaid. Na umwambie hivi hivi ulivyon'ambia mimi, usipunguze."

Mjomba Humaid ni mtoto wa mwisho wa Bibi, anatengeneza mitambo kwenye kiwanda kimoja huko Rusayl. Alifika baada ya alasiri na viatu vya kazini. Shahad akamsimulia yote, akiangalia zulia. Mjomba akapiga mbinja.

"Saa nzima ya bluu! Hiyo bahari au video?"

Halafu akachukua kiti, akakiweka nje ya mlango wa chumba, akaketi amewapa mgongo.

"Mimi siingii. Humo mna kina mama wa watu. Wewe utakuwa macho yangu."

Bibi akaja na kiti chake, akakaa katikati ya mlango, bakora mapajani. "Na ukigeuka nnakuchapa."

"Mama, nna miaka arobaini na mbili!"

"Na bakora hii ina sitini. Haya, fanya kazi."

Mjomba akaanza kuuliza. "Matundu ya juu yameandikwa nini?"

"IN."

"Na ya chini?"

"OUT."

"Ya juu ni ya kuingizia picha, ya chini ya kutolea. Jana ulikuwa unaigongea deki mlangoni, na yenyewe inatokea mlango mwingine. Leo umeweka sawa. Sasa hiyo picha ikoje?"

"Kijivu. Inazunguka."

"Inazunguka vipi? Mimi sioni, nieleze."

"Kama nguo kwenye mashine ya kufulia."

"Alaa! Hiyo naijua. Fungua mipangilio ya programu. Patakuwa na neno PAL, na jingine NTSC. Lipi limechaguliwa?"

Shahad akatafuta, ulimi nje. "La pili, mjomba."

"Hilo ni la kanda za Marekani. Zetu huku ni PAL. Badilisha."

Akabonyeza. Picha ikatikisika mara moja, ikatulia, na rangi zikaja zote kwa pamoja: kijani cha mapazia, dhahabu, nyekundu ya zulia. Vigelegele vikajaa chumba.

"Zakiya huyo!" Bibi akapiga kelele, bakora ikamponyoka. "Mtazame! Humaid, mtazame dada yako!"

Mjomba akaanza kugeuza shingo.

"Humaid!"

"Si wewe uliyeniita? Haya, sijaona kitu, nimeona mlango tu."

Shahad akacheka, mara ya kwanza tangu mchana. "Sasa nifanye nini, mjomba?"

"Sasa ukae. Saa nzima, makalio kwenye kiti. Ikiisha, uifungue uitazame kabla hujasema tayari."

Akakaa. Watoto wa jirani walimwita mara mbili kutoka chini, hakuitika. Dakika ya arobaini na moja kamera ikasogea karibu, na mikono ya Mama Zakiya ikajaa kioo kizima: maua madogo madogo yakipanda kutoka vidoleni, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto jani moja kubwa. Kanda ilipokwisha akalifungua faili, akalitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho. Halafu ndiyo akamwita Bashayer na Mama Zakiya.

Jumatano Fajr akaketi na hina yake, na Shahad akamshikia kompyuta karibu, picha imesimamishwa pale pale. Fajr alichora kimya mpaka akafika kwenye kifundo cha mkono.

"Bibi, hili jani nilipunguze? Limezidi wenzake."

"Usiliguse!" Bashayer akaruka. "Hilo ndilo nililolipenda."

Bibi Khole akacheka mpaka akakohoa. "Hilo si jani. Ni tone. Hina ilinidondoka, pwaa! Zakiya alikuwa anazungumza na mashoga zake, hajaona. Ningeweza kumfunika kitambaa nikanyamaza. Nikamwambia, Zakiya, nimekuharibu mkono. Akalitazama, akasema, basi tengeneza. Lilikuwa bado bichi, nikalivuta huku na huku likawa jani. Ningengoja likauke, lingekuwa doa la harusi nzima."

Akamgeukia Shahad, akamshika kidevu kwa ule mkono wake unaotetemeka.

"Kuchomeka waya pasipo pake si kosa la kugombana, mwanangu. Hata mjomba wako alijifunza kwa kukosea. Lakini ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, wenzako wapate kukusaidia. Ukificha, unawanyima nafasi ya kutengeneza. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Bibi."

Fajr akakohoa kidogo. Aliinua kidole cha mwisho cha Bashayer.

"Basi na mimi niseme. Hapa nimetia nukta moja zaidi. Sasa hivi, mlipokuwa mnacheka."

Wote wakainama kutazama. Kweli, nukta ipo, na bado mbichi.

"Pamba na maji!" Mama Zakiya akasema, na Shahad akawa ameshafika jikoni.