Nani Alifuta Sauti ya Mama?

Tovuti ilifunguka... ikawa nyeupe tupu!

Nikafunga. Nikafungua tena. Nyeupe!

"Iliasi! Iliasi weee! Kuja hapa!"

Mdogo wangu akatoka chumbani anafikicha macho. Nikamsukumia simu usoni.

"Sauti ya mama iko wapi?"

Akatazama. Hakushtuka, jamani! Hicho ndicho kilichoniudhi kwanza. Akakuna kichwa tu.

"Ah... serveur imeanguka, yaya. Ile mashine inashika site."

"Imeanguka wapi? Mu shimo?"

"Yaya, mambo ya serveur huwezi kuyaelewa."

Ndugu zangu mnaosoma, mimi naitwa Mounira, yaya wa Iliasi, yaani dada yake mkubwa. Nauza vikwembe, hivi vitenge vya kujifunga, hapa soko la Kasongo. Sikusoma informatique, mambo ya kompyuta. Lakini ukiniambia kuna kitu siwezi kukielewa, hapo umenichokoza.

Ngoja niwaeleze kwa nini nilitaka kumrarua mtu asubuhi ile.

Mama yetu, mama Mwamvita, ndiye aliyekuwa anawafunda mabibi arusi wa mtaa wetu. Siku moja kabla ya arusi wanawake wanafunga mlango wa chumba, wanaume wanafukuzwa mpaka barabarani, halafu mama anaimba. Nyimbo za kumfunza binti maisha ya mume na mke. Sauti yake iliwaliza hata wale waliokuja kwa ajili ya pilau tu.

Kabla hajaugua aliniita.

"Mounira, leta simu yako. Miye nazeeka. Nataka kumuwekea Rachida nyimbo zake, siku yake ikifika na miye siko."

Rachida ndiye kitinda mimba wetu. Basi nikamrekodi mama wimbo mmoja mmoja, mpaka akasema zimeisha.

Sasa simu... mnazijua wenyewe. Zinaibiwa, zinavunjika. Nikamwambia Iliasi, aliyesoma informatique Kindu, afungue tovuti tuziweke huko zote. Hata nyumba ikiungua, sauti ipo! Nilijiona mjanja kuliko mji mzima.

Na kweli, simu ile ilinidondoka mto Lualaba, pale Nyangwe, nikishuka kwenye mtumbwi. Wala sikulia. Nikasema, tovuti si iko?

Halafu presha ikampanda mama. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukafunga. Tangu hapo hajatamka neno.

Mnanielewa sasa? Siku ile ilikuwa Jumatatu. Arusi ya Rachida ni Ijumaa. Mama hawezi kuimba, simu iko chini ya mto, na tovuti imekuwa nyeupe!

Nikamkamata Iliasi kola ya shati.

"Si ulisema unafanya copie?"

"Nilifanya, yaya."

"Iko wapi?"

"Ilikuwa... mule mule mu serveur."

"Weye! Unaweka akiba ya muchele mu ghala ile ile yenye kuungua?"

Kila mara nilikuwa namuuliza, nakala ya nyimbo za mama ipo? Ananijibu, "Iko, yaya, iko." Hiyo "iko" yake! Ukimuuliza kuni, iko. Maji, iko. Unaenda kutazama, hakuna kitu.

"Iliasi, wallahi leo utalala inje!"

Hapo akaropoka.

"Copie ingine iko! Iko ku disque dur... kwa Nathanaël. Kabambare."

Nathanaël ni mwenzake waliyesoma naye. Disque dur ni kile kisanduku cha kuhifadhia mambo ya kompyuta.

"Mupigie."

"Réseau ya kule inasumbua. Hapatikani."

Nikapiga mwenyewe. Nikapiga tena... kimya.

"Basi nitaenda miye."

Mngeuona uso wake! Kama mtu aliyemeza mfupa.

"Kabambare? Na hii mvua? Na arusi ni Ijumaa? Yaya, acha tu. Mungu amepanga."

"Mungu hakupanga uvivu wako!"

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake pale barazani. Akanyoosha mkono wa kushoto, akanishika kikwembe, akavuta. Nikadhani ananiombea safari njema. Nikambusu kichwani nikaondoka.

Jumanne asubuhi nilipanda pikipiki ya Glody, motard wa mtaa wetu.

Jamani, ile si barabara. Ni tope lililopewa jina. Tulisukuma pikipiki kuliko tulivyoipanda. Nilianguka, nikaamka, nikaanguka tena, na kila nikianguka namtukana Iliasi.

"Mama, huyu Iliasi alikufanya nini?" Glody akaniuliza.

"Endesha!"

Tukaingia Kabambare jua linaelekea kuzama. Nathanaël ana kibanda pale, anachaji simu za watu na kuwawekea nyimbo kwenye kadi. Sikumsalimia hata vizuri.

"Nathanaël, miye ni yaya ya Iliasi wa Kasongo. Nimefuata disque dur yake."

Akanikodolea macho.

"Disque gani, dada?"

"Ile alikuachia!"

"Iliasi? Hajaniachia disque hata siku moja. Tangu tumalize masomo hatujaonana."

Nikakaa palepale mlangoni, tope na yote, nikalia kwa hasira. Ndugu yangu wa tumbo moja! Ananidanganya machoni, ananiacha nisafiri njia ile kufuata kitu ambacho hakipo! Kwa nini?

"Pole, dada," Nathanaël akasema. "Mule mu disque kulikuwa nini?"

"Nyimbo za mama. Mama Mwamvita wa Kasongo."

"Mama Mwamvita? Si useme! Hizo ziko!"

"Usinichezee."

"Kweli, dada! Nilizitoa ku site yenu wakati nilifika Kasongo. Huku réseau ni shida, mutu ukikuta kitu unabeba yote. Na watu wanazipenda! Kila mutu wa huku anazo."

Akabonyeza. Spika kubwa ikakohoa kidogo, halafu...

Sauti ya mama!

Nzima! Ile ile, na kile kicheko chake anachokiweka katikati ya wimbo. Nilifunika mdomo nikalia upya.

Vijana wa pikipiki wakajaa mlangoni. Walikuwa wanaujua wimbo neno kwa neno. Mmoja akaitikia huku anakata kiuno, wenzake wakapiga miluzi. Nami nikacheka nao, nikawapigia makofi. Furaha ilinijaa mpaka sikuona kitu kingine.

"Nitilie ku flash. Na ku kadi. Na ku kadi ingine!"

"Zote za nini, dada?"

"Miye sitarudia makosa ya Iliasi!"

Flash nikaifunga kwenye pindo la kikwembe. Kadi moja ikaingia kwenye sidiria. Nyingine nikampa Glody aifiche kwenye kofia yake.

"Ukipoteza hii, usirudi Kasongo."

Jumatano mnyororo wa pikipiki ulikatika njiani, pale Lusangi. Tukahangaika pale mpaka nikakata tamaa. Tukafika Kasongo Alhamisi mchana, siku yenyewe ya chumba cha bibi arusi!

Uani wanawake walikuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuchagua mchele. Iliasi alikuwa anafunga turubai. Akaniona. Kamba ikamtoka mkononi.

"Nimezipata!" nikapaza sauti, nimejaa tope mpaka masikioni. "Nimezipata zote! Na weye sasa utanieleza kwa nini ulinidanganya!"

"Yaya, shusha sauti..."

"Sishushi! Disque yako ilikuwa wapi? Ee? Watu wote wasikie!"

"Yaya, tuingie mu nyumba."

"Nani alifuta nyimbo za mama?"

Akainamisha kichwa.

"Ni miye."

Michi ikasimama. Rachida akatoka chumbani, hina mkononi, mdomo wazi.

"Unasema nini?"

"Ni miye nilifuta, yaya. Serveur haikuanguka."

Nikavua kandambili. Sikatai, nilitaka kumpiga mbele ya wageni wote, mbele ya wakwe na majirani...

Ko! Ko! Ko!

Tukageuka. Mama alikuwa anagonga ukuta na kikombe chake cha bati, kwa ule mkono mmoja wenye nguvu. Akakiweka chini. Akanitazama sana.

Halafu akajigusa kifuani.

"Mama... weye?"

Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

"Weye ndiye ulimwambia afute?"

Ndiyo.

Kandambili ikanianguka. Nikamgeukia Iliasi, naye sasa alikuwa analia.

"Ijumaa iliyopita, yaya, weye ulikuwa soko. Motard mumoja akasimama hapa mbele ya nyumba, ametia musiki mu spika yake. Ni wimbo ya mama. Ile ya ndani, ya chumba. Wanaume wakajaa wanacheza, wanasema maneno ya aibu. Mama alikuwa hapa barazani, anasikia sauti yake mwenyewe."

Akafuta machozi kwa mkono.

"Akajifunika uso na kikwembe. Nilikitoa kwa nguvu ili nimuone. Nikamuuliza, mama, nifute? Akasema ndiyo na kichwa. Nikauliza, zote? Ndiyo. Nikauliza, nimuambie yaya? Akakataa."

"Kwa nini akatae?"

"Si juu ya arusi? Naona alijua utalia, na weye ukilia Rachida naye atalia. Ile ya Kabambare nilisema tu ili uniachilie. Sikujua utaenda kweli! Nani anaenda Kabambare na hii mvua?"

Nilikumbuka mlango wa Nathanaël, wale vijana na miluzi yao, na mimi katikati nawapigia makofi! Wakimkatia kiuno mama yangu! Nyimbo ambazo baba mwenyewe hakuwahi kuruhusiwa kuzisikia, mimi niliziweka wazi kwa dunia nzima, kisa nisizipoteze. Wala sikumuuliza mama. Yeye alidhani nimezificha mahali petu tu, zinamngojea Rachida.

Nilifungua pindo la kikwembe. Nikapiga magoti, nikaiweka flash kwenye mapaja yake. Nikatoa na kadi ya sidiria, nikamwita Glody alete ya kofia.

"Ni zako, mama. Ukitaka tuzichome moto, tutazichoma."

Mama akazitazama. Kadi zote mbili akanirudishia, akanionyesha jiwe. Nikazisaga palepale mpaka zikawa unga.

Flash akaishika. Akamwita Rachida kwa kidole.

Alasiri ile tulifunga mlango wa chumba. Iliasi aliwafukuza wanaume mpaka barabarani, hata mzee wa msikiti alisogezwa. Ndani tukachomeka flash kwenye redio ndogo, sauti chini kabisa. Mama akaanza kuimba kutoka mule ndani, na mama wa kwenye mkeka akawa anachezesha midomo, hakuna sauti, lakini hakukosea hata neno. Rachida alilaza kichwa mapajani kwake. Mimi nililia kwa kikwembe mdomoni ili nisiharibu wimbo.

Arusi ilipita salama.

Lakini msidhani nimetulia. Jumamosi iliyofuata nikapishana na motard njia ya sokoni, spika imefunguliwa mpaka mwisho. Mama yangu huyo!

"Baba, futa hiyo wimbo, tafadhali."

Akacheka.

"Nikifuta ya kwangu itasaidia nini, mama? Iko mu simu ya kila mutu."

Nilitaka kupiga kelele! Siku nilipokuwa naitafuta kama kichaa, nimelala tope, niliamini iko nakala moja tu duniani, Kabambare. Leo nataka ipotee, imejaa mji mzima! Nimekwenda kituo cha pikipiki, nimekwenda kwa wanaochaji simu, nimemtuma Glody kwa Nathanaël. Nathanaël amefuta na ameomba msamaha, Mungu ambariki. Wengine wananicheka. Mmoja aliniambia nimelewa.

Basi sikilizeni, wenye tovuti na wenye simu zilizojaa mambo ya watu.

Nakala fanyeni. Usiweke nakala ndani ya nyumba ile ile yenye kitu chenyewe, weka mbali, na uifungue siku moja moja uhakikishe kweli ipo, usiridhike na "iko" ya mtu. Hilo nimejifunza kwa matope. Lakini kabla ya yote muulize mwenye kitu: nikutunzie wapi, na nani aone? Kutunza si kutangaza. Mimi nilivichanganya, na sasa kilichotoka hakirudi.

Kama una nyimbo za mama Mwamvita wa Kasongo kwenye simu yako, nakuomba uzifute. Usinitumie kwanza kunionyesha kwamba unazo. Futa tu.

Na wewe unayeandika huko chini kwenye maoni "yaya, tutumie na sisi tusikie", nimekuona.

Nyumba yetu iko karibu na barabara. Pikipiki zinapita kutwa, na mama anapenda kukaa barazani apate upepo.

Masikio yake ni mazima. Asichoweza ni kusema tu.