Kamba ya Mzee Lukeba

Habari hii nilipewa na Kabibi, mke wa dereva Jephté, mwaka ule tuliporudi Rumonge, tukianika ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja. Siku ya tukio yeye alikuwa ndani ya lori, aliyaona kwa macho yake. Mengine Asma, mtoto mwenye kisa hiki, alimwambia baadaye.

Asma alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alichota maji, akafagia ua, akampelekea bibi yake Mwasiti chai. Miezi ile ya vita kazi ya kwanza ikawa nyingine: kusimama mlangoni asikilize milio inatoka wapi, mlimani au barabarani. Shule ilikuwa imefungwa. Nyumba mbili za majirani zilikuwa zimechomwa. Baba yake, Hamidu, akasema imetosha, watoke Rumonge, wahamie Bujumbura kwa ndugu zao wa mtaa wa Buyenzi.

Shida ilikuwa gari. Hamidu alikuwa dereva wa teksi, na Peugeot yake ilikuwa imekufa injini. Jephté alikubali kuivuta nyuma ya lori lake, wakakaa kushauriana namna ya kuivuta. Kuipakia juu ya lori kungekuwa salama kuliko yote, Jephté alisema, lakini basi familia tatu zilizokwisha kupewa nafasi zishuke, na nani atamwambia nani ashuke? Chuma cha kuvutia kingefaa, ila mchomeleaji alishakimbilia Kigoma na mitungi yake. Ikabaki kamba.

Kamba nene zilikuwa kwa Mzee Lukeba, mvuvi. Askari walikuwa wamekataza uvuvi, na kamba zake za nanga zililala bure. Alimpa Asma, aliyetumwa na baba yake, moja bila kutaka kitu, akamwagiza kama wavuvi wanavyoagizana.

"Mutoto wangu, hii imelala na mawe. Jicho linadanganywa. Funga macho, uipapase kwa kiganja, ncha mpaka ncha. Pakikukwaruza, kata hapo, funga fundo."

Asma alianza. Hajafika mbali, rafiki yake Elda akaja kumuaga akilia. Asma akaiweka kamba chini, wakakaa wawili mpaka honi ya lori ikawashtua. Baba akauliza kama ameipapasa.

"Yote, Baba."

Msafara wa magari uliondoka, askari mbele na nyuma. Sheria yake kila mtu aliijua: gari likiharibika, halingojwi. Hamidu alishika usukani wa Peugeot, Bibi Mwasiti pembeni yake, maana magoti yake yasingepanda lori. Asma alikaa juu ya magunia, nyuma kabisa, kando ya Kabibi, macho kwenye kamba.

Walipoipita Magara, kwenye mpando, aliona nyuzi zimesimama kama nywele. Akajiambia: Labda itashika. Uzi mmoja ukafumuka, kisha wa pili, na hapo akaanza kupiga bodi la lori kwa ngumi zote mbili. Lori lilisimama kamba ikikatika. Peugeot ikarudi nyuma, ikajigonga ubavu kwenye ukingo wa udongo. Bibi alitolewa mzima, damu ikimchuruzika usoni.

Magari mengine yakawapita yakipiga honi. La mwisho, la askari, likasimama. Sajini akaamuru watu wapande, gari libaki. Wanaume wakambeba Bibi kwa shuka. Hamidu alilitazama gari lake, chakula cha nyumba yake nzima, akasema kwa uchungu, "Lukeba. Lukeba ametumaliza."

Sajini akageuka. "Lukeba ni nani?"

Aliiokota ncha ya kamba, akaikagua. Anayetoa kamba mbovu, alisema, anataka gari libaki njiani kwa ajili ya waasi wa mlimani. Akachomoa redio yake ya mkononi awaite wenzake wa Rumonge, alikobaki Lukeba. Wote waliwajua watu waliochukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, wasirudi.

Asma alishuka.

"Shefu, si Mzee Lukeba. Aliniambia niipapase yote. Sikuipapasa. Nilimdanganya baba yangu."

Sajini alimtazama, redio ikikwaruza mkononi. Hamidu akapiga magoti palepale kwenye lami, akasema mtoto anasema kweli, ni ulimi wake yeye baba ulioteleza.

"Pandeni," sajini akasema, akaizima redio.

Kabla ya kufika Kabezi waliona moshi nyuma yao, upande walikoliacha gari.

Jioni, Buyenzi, walitandikiwa mikeka katika chumba kimoja. Hamidu hakumpiga Asma. Aligeukia ukuta, akalala. Asma akamnong'oneza bibi yake kwamba Baba hatamsamehe.

"Atakusamehe, akishajisamehe yeye," Bibi Mwasiti alisema. "Sikia, mjukuu wangu. Kamba ile imekula gari, na tutaona njaa kwa sababu yake. Lakini uongo wako ulikuwa njiani kumla mtu. Umeukata mwenyewe, mbele ya bunduki. Kesho ukipewa kazi, ifanye ncha mpaka ncha. Na kama hukuifanya, sema hukuifanya. Aibu ya asubuhi ni ndogo, jioni inakuwa imekua."

Akajifunika, naye akalala.

Asma alibaki macho. Alishika upindo wa kanga ya bibi yake, akafumba macho, akaupapasa polepole, ncha mpaka ncha. Alipofika mwisho akaanza tena, mpaka vidole vikalegea, usingizi ukamchukua.