Kufuli Lililong'olewa Kimyakimya

Lifti ilikuwa imejaa pomoni asubuhi ile, watu wamebanana bega kwa bega, na kijana mmoja mwenye shati la bluu lililopigwa pasi mpaka likakakamaa alikuwa akibwata kwenye simu.

“Aliyeweka makufuli yote haya ni mwoga, bwana! Programu inatambaa kama konokono!”

Dada mmoja aliyevaa gauni jekundu, nywele kazifunga juu, akamgonga begani.

“Mwoga mwenyewe ni mimi. Umeamkaje?”

Lifti nzima ikaangua kicheko. Kijana akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndivyo walivyofahamiana. Kampuni yao ilitengeneza mtambo wa kuendeshea programu za kompyuta. Ndani ya mtambo huo nyuzi nyingi za kazi hukimbia kwa wakati mmoja, zikitumia vigeu vya pamoja, yaani thamani ambazo kila uzi huweza kuzisoma na kuzibadilisha. Dada alivifungia vyote kufuli, ili uzi mmoja usivuruge kazi ya mwingine. Kijana, aliyeajiriwa kuongeza kasi, aliona foleni tu, kila uzi ukingoja zamu yake kwenye kufuli.

Walibishana kazini, wakabishana kwenye chakula cha mchana, na kabla hawajajijua walikuwa wameshikana mikono huku wakiendelea kubishana. Mwezi wa nane kijana akampeleka dada kwao, kwa mama yake.

“Laazizi, yale makufuli yako nitayang'oa siku moja.”

“Thubutu! Utaning'oa na mimi.”

Jumatatu moja simu ikaja kutoka hospitali iliyotumia mtambo wao. Skrini ya wodini ilikuwa imeonyesha dawa ya mgonjwa mmoja chini ya jina la mwingine. Muuguzi aligundua kosa sindano ikiwa mkononi, kabla hajamdunga mtu.

“Vigeu ni kazi ya nani?” mkurugenzi alifoka kikaoni.

Macho yote yakamgeukia dada. Alitukanwa, akavuliwa kazi ile palepale. Mpenzi wake alikaa ubavuni kwake akichezea kalamu.

Dada aliporudi mezani kwake akafungua kumbukumbu za mabadiliko ya programu. Kufuli moja halikuwepo. Lilikuwa limeondolewa Ijumaa, na jina la aliyeliondoa alilijua vizuri sana. Akampigia kijana simu.

“Mpenzi, nilikuwa nataka...”

“Usiniite mpenzi! Umeng'oa kufuli langu?”

“Nilijaribu bila hilo kufuli mara elfu kumi, hakukuwa na shida. Kasi ilipanda mara tatu...”

“Nani kakuuliza kasi? Mtu angekufa! Na mimi nimevuliwa nguo mbele ya watu, wewe umenyamaza!”

“Niliogopa.”

“Haya, sasa mwoga ni nani?”

Akakata. Siku tatu hakupokea simu za kijana. Ya mama mkwe mtarajiwa aliipokea.

“Mwanangu, huyu mtu hali, halali. Mmegombana nini?”

“Muulize mwanao, mama.”

Siku ya nne kijana alisimama kikaoni, akakiri yote. Akapewa onyo la mwisho; dada akarudishiwa kazi yake. Hakumshukuru. Alivuta kiti, akatazama programu ambayo kijana alikuwa akiirekebisha.

“Hata toba yako ina kasoro! Umerudisha kufuli lilelile, hata kwa nyuzi zinazosoma tu. Sogea.”

Akaandika kwa hasira, vidole vikigonga kana kwamba vinapiga mtu. Kila uzi utunze nakala yake ya thamani, pamoja na namba ya toleo lake. Uzi ukibadilisha kigeu, lazima upite kwenye kufuli, na namba ya toleo inayoonwa na wote ipande. Uzi ukikuta namba haijabadilika, usome nakala yake bila foleni. Ikibadilika, uchukue upya. Walijaribu mchana kutwa. Hakuna thamani iliyopotea njia, na kasi ilibaki.

“Nataka kukuoa,” kijana akasema ghafla.

“Unaniposa nikiwa nimefura hivi?”

“Nikisubiri hasira ziishe, nitazeeka.”

“Twende kwanza kwa yule muuguzi.”

Muuguzi, mama wa makamo mwenye viatu vyeupe, aliwasikiliza akiwa amesimama. Kisha akamshushia kijana maneno mazito, wagonjwa wakigeuza shingo. Kijana hakujitetea wala hakuinamisha macho. “Kosa ni langu peke yangu, mama,” alisema.

Walipofika kwenye korido, dada akasimama.

“Uliza tena.”

“Utakubali nikuoe?”

“Nimekubali. Ila kukusamehe, bado.”

Akatangulia mlangoni kwa hatua kubwakubwa, na kijana akamfuata mbiombio.