Koti la Kweyu

Jioni ile Triza alishuka dukani kwa Hirad kununua unga na maziwa ya chai. Giza lilikuwa linaanza kutanda mtaani Lucky Summer, ile saa ambayo watu wa viwandani wanarudi kutoka Baba Dogo na vumbi kwenye kope.

"Mama Clare, hongera!" Hirad alimwambia kabla hata hajataja unga. "Mzee sasa ni mtu wa gari."

"Gari gani, Hirad?"

"Si hilo jeupe hapo nje. La kukodi. Ameliegesha sasa hivi. Lakini bwana yako ni kituko! Alikuja kuchukua sigara, akarudi kwa gari akafungua mlango wa kushoto. Akaketi, anapapasa, usukani haupo. Nikamwambia, ndugu yangu, Ulaya imekuharibu kabisa."

Triza hakucheka.

Wekulo, mumewe, hakuwahi kuvuta sigara. Na maisha yake yote hakuwahi kuendesha hata mkokoteni.

Alichukua unga, maziwa akayasahau juu ya kaunta.

Mambo haya yalianza na Kweyu, mdogo wake Wekulo. Kweyu alikuwa Ujerumani akiwatunza wazee, na kila alipopata likizo hakutulia. Alipanda zile ndege za bei ya chini, za kukaa umekunja magoti kama kuku sokoni, akishuka anakodi gari. Leo Milano, kesho Barcelona, kesho kutwa Lisbon. Picha zake zilijaa kwenye simu za ukoo mzima. Halafu siku moja gari likapinduka barabarani huko Ureno, na Kweyu akarudi ndani ya sanduku. Wakamzika Kimilili, wakamwimbia, wakamaliza.

Lakini hakukumalizika. Mama yao alikuwa akimwota kila usiku amesimama nje ya lango na begi mkononi.

"Mwili umekuja, kivuli kimebaki," Mama alisema. "Mtoto huyu alilala vitanda vingi. Afuatwe."

Kwa ukoo wao, mtu akifa safarini ndugu yake humfuata na vazi lake. Hulibeba kwenye mkono wa kushoto. Kila mahali marehemu alipolala au kusimama humwita kwa jina lake, na kila wanapovuka humwambia wamefika wapi, mpaka kaburini. Vazi halivaliwi.

Triza ni mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, na mambo hayo hayakumkaa moyoni. Lakini alinyamaza. Mungu amsamehe, naye alitamani mumewe aone Ulaya na arudi na chochote cha huko. Wekulo akaenda, akapita miji yote ile ile kwa ndege zile zile, na mahali pa kukodi gari aliendeshwa na Muoki, rafiki wa marehemu.

Akarudi amelivaa koti la marehemu.

"Ni yule bibi wa mlango wa ndege," alimweleza Triza, akicheka kicheko kidogo. "Mzigo mmoja tu kwa mtu. Koti lilikuwa kwenye kiondo, na kiondo nacho kinahesabiwa mzigo. Begi limejaa. Watu wote kwenye foleni walikuwa wanavaa nguo juu ya nguo ili mizigo ipungue. Nami nikavaa."

Tangu siku hiyo hakulivua. Jua la Nairobi likiwaka, koti. Akila, koti. Na hakukaa. Usiku mmoja alilala kitandani, uliofuata kwenye kochi, uliofuata jikoni sakafuni, kama mtu anayebadilisha hoteli. Kila alfajiri alifunga begi. Kila jioni alilifungua. Afadhali Clare, binti yao, alikuwa shule ya bweni.

Sasa Triza alikuwa anapanda ngazi za ploti yao ya kupanga na unga kifuani.

Kulikuwa na matone kwenye ngazi.

Mabomba yalikuwa makavu wiki nzima. Aliinama akagusa tone moja kwa kidole, na sijui ni nini kilimtuma, akalionja.

Chumvi.

Alisimama hapo hapo gizani akampigia simu mama mkwe.

"Mama... analo koti."

"Najua analo. Analibeba?"

"Amelivaa."



"Sikiza, mwanangu," Mama akasema, sauti chini kabisa. "Usimfukuze. Usipige kelele. Msafiri huvua koti akijua amefika wapi. Mwambie. Kisha ulibebe wewe, usiliweke chini mpaka uje."

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Taa haikuwashwa. Harufu ilimpokea mlangoni, harufu ya dizeli na ya kitu kilichokaa majini siku nyingi. Wekulo alikuwa ameupa mlango mgongo, anafunga begi.

"Baba Clare."

Hakugeuka.

"Wekulo."

To... to... Maji yalidondoka kutoka kwenye mikono ya koti.

"Ameketi nyuma," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya Wekulo, lakini maneno yalikuwa yakiburutwa, kama ya mtu anayesoma lugha ambayo si yake. "Amenipa kiti chake."

Triza alishika fremu ya mlango.

"Wewe ni nani?"

"Ndugu yake. Aliniita."

"Na unaenda wapi?"

"Nyumbani. Alisema twende nyumbani." Vidole vilifunga zipu, vikaifungua, vikaifunga. "Nimengoja, dada. Kila siku mlango mwingine. Nimekodi gari nitafute mwenyewe. Wapi nyumbani?"

Dada. Kweyu alimwita Triza shemeji, au shem akiwa na utani. Lakini mtu mwenye hofu hahesabu maneno. Neno lile lilimpita.

Alilitaja jina la Yesu kimoyomoyo. Kisha akasema, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa:

"Hapa ni Lucky Summer, Nairobi. Mmeshashuka kwenye ndege. Nyumbani ni Kimilili, kesho asubuhi tunakufikisha. Lakini kiti hicho ni cha mume wangu. Mtu mmoja, kiti kimoja. Vua koti. Nitakubeba mimi."

Akageuka.

Macho yalikuwa ya Wekulo. Aliyekuwa akichungulia ndani yake alikuwa amechoka. Mungu wangu, alivyokuwa amechoka!

"Kweli utanifikisha?"

"Kweli."

Koti lilimvuka mabegani kwa sauti ya mguu unaong'olewa kwenye tope. Wekulo akaanguka magotini, akatapika maji, maji, maji tu. Alipoinua kichwa alikuwa analia.

"Triza... tumeshatua?"

Alimlaza. Yeye mwenyewe hakulala. Alikaa na koti mkono wa kushoto hadi kukapambazuka, na lilikuwa na joto kama la mtu.

Asubuhi ni Hirad aliyewaendesha kwenye lile gari la kukodi, maana kati yao wawili hakuna aliyejua hata gia. Triza alimwambia tu wanapeleka nguo ya marehemu kwao. Njiani aliongea na mkono wake bila aibu. "Hapa ni Nakuru, ndugu. Hapa ni Eldoret. Tunavuka." Hirad alimtazama kwenye kioo, akatikisa kichwa.

Kimilili, Mama alikuwa anangoja kando ya kaburi. Wekulo, asiye na nguvu, alikuwa amesinzia chini ya ukuta wa nyumba. Triza akalilaza koti juu ya udongo. Mama akaweka kiganja juu yake.

"Kweyu, mwanangu. Umefika."

Maji yakaanza kutoka kwenye koti. Hayakuingia ardhini. Yalitambaa juu ya udongo, yakalizunguka kaburi, yakarudi.

Na Wekulo, usingizini, akaita:

"Hooyo..."

Funguo za gari zikamdondoka Hirad.

"Nani amemfundisha neno hilo?"

"Ni neno gani?" Triza aliuliza.

"Ni la kwetu, Kisomali." Uso wake ulikuwa umepauka. "Anamwita mama yake."

Mama akaondoa kiganja polepole, kama mtu aliyegusa mlango wa nyumba isiyo yake.

"Huyu si wangu," alinong'ona. Kisha akapaza sauti, "Wekulo! Amka! Ulimwitaje ndugu yako?"

Wekulo aliketi, akafunika uso.

"Niliona haya, Mama. Pale baharini Barcelona, pale alipopigia picha, wazungu walikuwa wamejaa wanaota jua. Ningewezaje kupaza jina la maiti? Nilisema chini chini tu. Ndugu yangu, twende nyumbani."

"Bila jina?"

"Bila jina."

"Na miji mingine?"

"Yote, Mama."

Hirad alikuwa amevua kofia. "Bahari ile imekula vijana wengi wa kwetu," alisema. "Hawana kaburi. Wangesikia mtu anasema vile..." Aliliinua koti, akaliweka kwenye mkono wa kushoto kama alivyoona Triza akifanya. "Huyu nipeni mimi. Angalau aswaliwe."

"Unajua kwao?" Triza akauliza.

"Nitamuuliza njiani."

Alilikalisha koti kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda.

"Na wangu?" Mama aliuliza, hakumtazama yeyote. "Wangu yuko wapi?"



Gari likaondoka, likielekea langoni. Triza alilitazama. Ndani alikuwemo Hirad peke yake na koti. Lakini nyuma gari lilikuwa limelala, chasi karibu iguse majani, kama gari lililojaza watu hadi mlangoni. Lilipopita kwenye tuta, lilikwaruza.

Akatamani kuita gari lisimame, labda Kweyu yumo. Akavuta pumzi...

Akaimeza. Aliogopa ni akina nani wengine wangeitika.